Waraka kwa Wanachama: Kabla ya Kukopa Kifaa, Kaeni Mbele ya Mita

KWA: Wanachama wote wa kikundi
KUTOKA: Mweka hazina
YAH: MIKOPO YA VIFAA VYA UMEME NA MAJIKO

Ndugu wanachama,



Tangu tufungue dirisha la mikopo ya vifaa vya nyumbani, fomu zinanifikia kwa wingi. Shawa ya maji moto, friji la mtumba, jiko la umeme la sahani mbili, paneli ya sola "ya kuendesha kila kitu", sabufa. Sina ugomvi na mtu kutaka raha nyumbani kwake; hisa tunaweka za nini kama si kuishi vizuri? Kinachonisumbua ni sababu zinazoandikwa pale chini ya fomu. Mmoja anataka sola kwa kuwa chaja za simu za wanawe zinammalizia umeme. Mwingine anaomba shawa ya umeme, na papo hapo anaahidi kwamba ili kumudu marejesho atabana matumizi kwa kuzima taa ya barazani. Ndugu zangu, hesabu hizi hazikai.

Kamati ya mikopo imenipa kazi ya kuwaandikia kabla hatujaanza kuidhinisha. Ninalo jambo moja tu la kusema: katika nyumba zetu, kinachomaliza uniti ni kupasha moto. Mwanga, sauti na picha vinakula kidogo mno. Maji ya kuoga, pasi, birika, sahani ya jiko, hivyo ndivyo vinavyokula. Mtu akilishika hilo atajua akope nini, aache nini, na amgombeze nani nyumbani.

Wala msiniamini kwa maneno. Nendeni kwenye mita. Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mipepeso inayotimiza uniti moja. Kwenye mita nyingi utakuta 1000. Nyingine ni 1600 au zaidi, kwa hiyo soma ya kwako. Tuseme yako ni 1000. Zima kila kitu ndani, acha chaja moja tu ikichaji simu, ile ya wati 10. Sogeza kigoda ukae hapo. Kitaa kitapepesa mara moja, kisha utasubiri dakika sita nzima kabla hakijapepesa tena. Sasa mwambie mtu aingie bafuni awashe shawa ya wati 4500. Kitaa kinageuka kichaa: mara 75 kwa dakika, zaidi ya mara moja kwa kila sekunde. Mkifanya jaribio hili mbele ya watoto, hamtahitaji tena kuwahubiria. Wale ambao mita zenu ziko juu ya nguzo, andikeni uniti zilizobaki kabla na baada. Jibu ni lile lile.

Nianze na hiyo shawa, maana maombi yake ni matatu.

Mtu mmoja akioga dakika kumi kwa shawa ya wati 4500, amemaliza robo tatu ya uniti. Nyumba ya watu wanne, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, ni uniti tatu. Kwa mwezi ni uniti 90, kabla hujawasha hata taa moja. Hapo ndipo bei inapoingia. Kwa bei zinazotumika ninapoandika waraka huu, mteja mdogo wa majumbani, yule ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti. Akizidi hapo mwezi baada ya mwezi anahamishiwa daraja la juu ambako uniti ni shilingi 292. Ongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, unapata shilingi 122 kwa yule wa kwanza na 356 kwa yule wa pili. Kwa hiyo ukivuka mstari huo ukahamishwa, hulipi zaidi kwa kile kilichozidi peke yake. Taa ile ile, friji lile lile, vyote vinapanda bei karibu mara tatu.

Chukua nyumba iliyokuwa inatumia uniti 40 kwa mwezi: shilingi 4,880. Funga shawa, uniti zinakuwa 130, na sasa ni kwa bei ya 356: shilingi 46,280. Tofauti ni shilingi 41,400 kila mwezi, kwa ajili ya kuoga. Hizo ni zaidi ya marejesho ya mkopo wenyewe kwa baadhi yenu. Kama unaishi Mgeta, kule ambako asubuhi mtu anaongea na mvuke unamtoka kinywani, nitakuelewa. Lakini hapa Morogoro mjini, mwezi wa pili, maji ya bomba yanatoka yenyewe ya uvuguvugu. Na anayelazimika kuoga ya moto, kwa sababu ya mgonjwa au mtoto mchanga, lita tatu za maji yaliyochemka kwenye birika na kuchanganywa kwenye ndoo zinamtosha mtu mzima. Hizo ni kama theluthi ya uniti.

Kuna hatari pia. Shawa ya namna hiyo inavuta karibu ampia 20. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kubwa, waya mnene, na waya wa ardhi wa kweli. Nyumba zetu nyingi za kupanga zimefungwa waya wa kuwashia taa na redio. Kamati haitakubali kuwa mdhamini wa moto.

Sasa chaja. Chaja ya kisasa iliyoachwa ukutani bila simu inakula sehemu ya kumi ya wati moja hivi. Ikikaa mwaka mzima haimalizi uniti moja. Chomoeni kwa usalama, hasa zile za bei chee zinazochemka bure, lakini acheni kuwafokea watoto kana kwamba wao ndio wamemaliza umeme. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku inakula chini ya uniti moja na nusu kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60 ingekula tisa. Aliyebaki na balbu hizo aziondoe leo, na kwa hilo hahitaji mkopo. Sabufa nayo haili sana. Inakula usingizi wa majirani, ila hilo si la mweka hazina.

Wapo wanaosema umeme "unaibiwa" kwa kuwa wakinunua mwanzoni mwa mwezi wanapata uniti chache kuliko walizopata wiki iliyopita kwa pesa ile ile. Tazameni risiti kabla ya kulalamika. Kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na inachukuliwa kwenye ununuzi wa kwanza. Mwenye mita na mpangaji wanapaswa kukaa chini juu ya hilo. Mimi nimekwisha kuona urafiki ukivunjika kwa shilingi 1,500.

Friji lina kisa chake. Friji dogo zima linakula kama theluthi mbili za uniti kwa siku, uniti 20 kwa mwezi, na hizo zinavumilika kwa familia, achilia mbali mama anayeuza juisi na barafu. Tatizo ni haya ya mtumba, makubwa, yaliyochoka, ambayo mashine yake hainyamazi. Kabla ya kutoa pesa, chukua noti, ibane kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umekwisha na baridi inavuja usiku kucha. Sikiliza pia: likiwashwa na kupoa, mashine inapaswa kuzima na kupumzika. Likinguruma mfululizo, mwachie muuzaji. Na huo mtindo wa kuzima friji usiku "ili kubana" una faida ndogo mno. Asubuhi linafanya kazi ya ziada kurudisha baridi, na samaki wako wamekwisha kuanza kulegea.

Sasa niingie jikoni, ambako ndiko hasa nilikotaka tufike.

Wengi wetu tunapikia mkaa. Imani iliyoenea ni kwamba mkaa ni wa mtu wa kawaida na umeme ni wa kigogo. Imani hiyo ilikuwa na ukweli wakati umeme wa kupikia ulimaanisha sahani: ile koili nyekundu ya wati 1500 inayopasha sufuria, ukuta na mpishi kwa pamoja. Maharage makavu juu ya sahani kama hiyo, sufuria ikiwa haina hata mfuniko unaokaa sawasawa, yanaweza kula uniti mbili na zaidi. Aliyewahi kujaribu mara moja alikimbilia kwenye mkaa na hakurudi, na simlaumu.

Lakini jiko la presha la umeme ni kitu kingine kabisa, na waliohudhuria kikao ambamo mwenzetu mama lishe alileta lake wameona kwa macho. Aliweka nusu kilo ya maharage makavu ambayo hayakulowekwa, maji, chumvi kidogo, akafunga, akabonyeza. Mara ya kwanza kitaa cha mita kilikwenda mbio, kwani jiko la wati 1000 linapepesesha mara moja kila baada ya sekunde tatu au nne. Kisha presha ikapanda, na kitaa kikatulia. Hapo wengi mlidhani limeharibika. Halikuharibika. Chungu kimezibwa, kimezungushiwa vazi la kuzuia joto, na ndani yake joto limepita nyuzi 110, juu ya kiwango ambacho maji hufikia kwenye sufuria ya wazi. Kutoka hapo linawasha kidogo na kuzima, linawasha na kuzima, kwa kulinda tu ile presha. Tulipomaliza kupokea marejesho, maharage yalikuwa yanapondeka kwa kidole. Mita ilionyesha hayajafika nusu uniti. Kwa bei ya mteja mdogo, hizo ni chini ya shilingi 61. Nani kati yenu anapika maharage kwa mkaa wa shilingi 61?

Nisiwafiche mapungufu yake. Ugali hausongwi humo. Chungu ni chembamba na kinazunguka. Chapati haipikwi humo, wala dagaa wa kukaanga hawatoki na ule ukavu wao. Kwa hiyo simwambii mtu avunje jiko lake la zamani. Jiko la presha ni la vitu vinavyochukua muda: maharage, makande, nyama ngumu, kongoro, ndizi, pilau. Ugali na chapati viende kwenye gesi ya mtungi. Ukipanga hivyo, mtungi wa kilo sita unaokwisha kabla ya mwezi utakusogeza mbali zaidi, kwa maana ni maharage yaliyokuwa yakiumaliza.

Kwenye gesi napo kuna dhana ya kurekebisha. Nasikia mara nyingi: "Gesi ni yetu, ya Mtwara, kwa nini bei inapanda dunia ikichafuka?" Gesi ya mtungi haitoki Mtwara. Inaletwa kwa meli kutoka nje na kushushwa bandarini. Gesi ya Songo Songo na ya Mtwara ni aina nyingine. Inapita kwenye bomba hadi kwenye mitambo ya kufua umeme, viwandani, na kwa nyumba chache zilizounganishwa. Yaani ukitaka kupikia gesi ya Mtwara ukiwa Morogoro, njia iliyo karibu zaidi nawe ni soketi ya ukutani.

Haya, hesabu ya mwezi. Taa tano za LED, uniti 7. Televisheni ya wati 45 kwa saa sita kila siku, uniti 8. Friji dogo, uniti 20. Jumla 35. Ongeza jiko la presha, tuseme uniti moja na kidogo kwa siku, uniti 36 kwa mwezi. Sasa tuko 71. Zimebaki nne za pasi, mradi upige pasi nguo za wiki kwa mkupuo mmoja badala ya kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Bila hiyo pasi, mwisho wa mwezi ni shilingi 8,662, umewasha taa, umetazama taarifa ya habari, umekunywa maji baridi na umepika. Na hata ukivuka mstari ukaangukia kwenye bei ya 356, upishi peke yake ni kama shilingi 12,800. Kila mmoja wenu anajua sado moja ya mkaa inampeleka siku ngapi. Weka hesabu zako pembeni ya hizo, uone.

Ningependa mstari huo wa 75 usogezwe kwa ajili ya wanaopika. Nchi imeweka lengo, katika mkakati uliozinduliwa Mei 2024, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Huwezi kumwambia mtu apikie umeme, kisha akianza kuupikia unampandishia bei ya taa. Hilo tuliseme kwenye mikutano ya mtaa na kwa kila kiongozi atakayekuja kuomba kura. Lakini mpaka usogezwe, tuishi ndani yake kwa akili.

Kuhusu mkaa wenyewe nitasema machache, kwa sababu tunao wanachama wanaouza mkaa na mtaji wao ulitoka kwenye sanduku hili hili. Sikubaliani na wanaowatukana. Wanauza kinachonunuliwa. Ila sote tunaoishi hapa tunaona malori yanavyopita kwenda Dar es Salaam, na tunajua tanuri la udongo linavyokula: kilo moja ya mkaa inatoka kwenye kilo tano hadi kumi za kuni. Milima ya Uluguru ndiko unakoanzia mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam. Na bwawa la Mindu linalotunywesha sisi linategemea miteremko yenye miti. Mwenye kuuza mkaa aanze mapema kuongeza biashara ya pili pembeni, mitungi au unga, wakati wateja bado wapo. Kamati itamsikiliza. Na jambo ambalo halina mjadala: jiko la mkaa halilali chumbani, hata liwe limebaki majivu mekundu tu, hata iwe baridi kiasi gani. Hewa yake inaua bila harufu.

Wala nisiuvike umeme kanzu nyeupe. Mkoa wetu unazalisha umeme wa maji tangu Kidatu ilipoanza mwaka 1975, na tumeona gharama yake. Pale Kihansi, maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ule unyunyu wa maporomoko ukapungua, na chura mdogo aliyekuwa amegunduliwa mwaka 1996, asiyepatikana kwingine kokote duniani, akatoweka pale. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa hayupo tena porini. Waliobaki walikuwa wakizalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani, wakaja kurudishwa, na ilibidi kufungwe mabomba ya kunyunyiza maji ili wapate pa kuishi. Watu walicheka sana habari za chura wa Kihansi, bungeni na vijiweni. Mimi namkumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba sasa bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, basi tutumie tu, umeme ni wa kumwaga. Mto mmoja umebeba mzigo huo wote. Kuutumia kupikia maharage kwa nusu uniti ni heshima kwake. Kupashia maji ya kuogea mwezi wa Februari sioni ni nini.

Sola, kwa kifupi. Kwa walio mashambani ambako nguzo hazijafika, sola ni mkombozi na tutakopesha bila kusita. Lakini paneli ya wati 100, kwa jua letu, inakupa kama nusu uniti kwa siku nzima. Hiyo ni taa, simu, redio na televisheni ndogo. Haiendeshi pasi, haiendeshi shawa, na anayekuahidi hivyo anakuuzia maneno. Msinunue betri ya gari kwa kazi hiyo. Imetengenezwa kuwasha injini, ukiimaliza nguvu kila usiku itakufa mapema, na maiti yake ni risasi na tindikali uani kwako.

Bodaboda za umeme zina mambo yake, na wenzetu wawili wameuliza. Nitaziandikia waraka wake.

Kwa hiyo, kuanzia sasa, kila fomu ya kifaa iambatane na mambo haya: picha ya kibandiko cha nyuma ya kifaa, panapoandikwa wati; saa ambazo kifaa kitatumika kwa siku, kwa makisio ya kweli, wala si ya kupendeza kamati; na uniti za mita yako zilizoandikwa kila jioni kwa wiki mbili. Asiyejua kuzidisha amwone katibu au mtoto wa darasa la sita. Nawaomba pia akina baba, ninyi ndio mnaojaza fomu nyingi lakini jikoni mnaingia kufuata maji ya kunywa. Fomu ya jiko ijazwe na anayepika.

Kikao kijacho mama lishe wetu atapika makande kwenye jiko lake, mahindi na maharage kwa pamoja, maana kuna walionung'unika kwamba maharage peke yake ni mepesi mno kuwa ushahidi. Mahindi yatatoka kwenye mfuko wa jamii. Njooni na daftari, na kila mtu na bakuli lake.

Wale watatu wa shawa, fomu zenu sijazirudisha wala sijazichana. Ziko kwenye faili, zinasubiri hesabu.

Wenu katika kikundi,
Mweka hazina